Benchi la Dirishani

Swali lililoninyima usingizi masika yote lilikuwa dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika: benchi likae upande gani? Nilikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, na maombi ya kazi niliyoyatuma huku na huko bila kupata jibu. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba kile kile nilichokulia hapa Nyabusozi, chenye bati linalomeza kila sauti mvua ikinyesha. Hayo yote yalinisumbua kwa kiasi chake. Lakini nikijilaza, kilichokuja kichwani ni mabenchi mawili ya ofisi ya kata, moja la dirishani na moja la ukutani, na mzee mmoja aliyeketi kati yake akiwa amefumba macho.

Sote tulimwita Mwenyekiti. Wenyeviti ni wengi, wa vitongoji, wa vikundi vya kahawa, wa kamati za shule, lakini ukisema Mwenyekiti bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa baraza la usuluhishi. Alivaa koti zito hata jua likiwa kali, na viatu vya mpira hata kiangazi. Mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga. Alizimenya bila kutazama na maganda akayarudisha mfukoni, kwa hiyo kila alipotafuta karanga alianza kwa kutoa maganda. Kwa miaka yote niliyomjua sikumwona akiyamwaga.

Niliporudi kutoka chuo Mwanza, ofisi ya kata ilinikubali nijitolee. Kazi yangu ilikuwa kufagia chumba cha baraza, kupanga mabenchi, na kusimama mlangoni kuwaita watu kesi yao ikifika. Mama aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi serikalini. Sikumkanusha.

Mwenyekiti alikuwa na namna yake ya kusikiliza kesi ambayo sijaiona kwingine. Mlalamikaji alikaa benchi la dirishani, kushoto kwake. "Aliyekuja na uchungu apate hewa," ndivyo alivyoeleza. Mlalamikiwa alikaa benchi la ukutani, kulia kwake. Wajumbe wengine walikaa nyuma, na yeye mbele yao, kwenye meza. Alivua kofia, akafumba macho, akasema, "Haya, gombaneni."

Nao waligombana, wote wawili kwa mara moja, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake, huku wajumbe wakitazama dari. Mgeni angedhani ofisi imevamiwa. Mwenyekiti alikaa kimya kama mtu anayesikiliza mvua. Wakichoka alisema, "Nyamazeni." Kisha, bado macho yamefumbwa, alimrudishia kila mmoja maneno yake yote, hata lile tusi dogo alilolipitisha chini ya ulimi akidhani kelele zitalifunika. Watu walikuja kutoka Nemba, hawana kesi, kutazama tu.

Nilimuuliza mara moja, wakati bado nasoma, kwa nini hawapi zamu.

"Ukimpa mtu zamu anakupa hotuba," alisema. "Hotuba ameipanga tangu nyumbani. Lakini akimsikia mwenzake anadanganya papo hapo, hotuba inamponyoka. Hapo anasema lililotokea."

"Na macho, Mzee? Kwa nini unafumba?"

"Mimi ni mwepesi wa huruma. Nikikuona unalia, nitakupa hata shamba la mwenzako."

Sikio lake lilikuwa kitu ambacho hata yeye alijivunia, ingawa alijifanya hajivuni. Nilipokuwa sekondari nilisafiri naye kwenda Kabanga, mpakani na Burundi. Mama alitaka vitenge vya Burundi, nami nisingeweza kwenda peke yangu. Tulipofika stendi, badala ya kuelekea madukani, alisimama katikati ya wabadilisha fedha, pale wanapokuzunguka wakipunga noti na kupiga kelele kwa Kiswahili, Kihangaza na Kirundi kwa pamoja, na mabasi yanapiga honi. Akafumba macho. Niliona aibu, watu walitupita wakitucheka.

"Huyu wa nyuma yetu, upande wa kushoto," aliniambia polepole, "anamwambia mwenzake kwamba mimi ni kipofu na wewe ni mjinga. Twende kwa yule wa mbele. Huyo hajatusema."

Nimeikumbuka safari ile mara nyingi kuliko inavyostahili. Nyuma yetu, upande wa kushoto. Alivyolisema bila kugeuza shingo.

Simsifii kana kwamba hakuwa na kasoro. Kwenye bao alikuwa mwizi. Kila Jumapili baada ya misa alicheza kwa jirani yetu, Baba Devota, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakikimbia vita, na yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa. Mwenyekiti aliiba kete mchana kweupe. Baba Devota alimshika mkono, wakagombana kama watoto, mwisho wakaletewa rubisi, ile pombe ya ndizi, wakanywa.

"Wewe unahukumu watu kwa kichwa gani?" Baba Devota alimuuliza siku moja.

"Kule ni kazini. Hapa nimepumzika."

Alikuwa pia mtu wa kuchelewa ambaye hakuvumilia waliochelewa. Aliogopa sindano. Alikemea wanaume wazima wakatetemeka, lakini mbuzi wake mwenyewe walipanda hadi kibarazani wakala kofia yake, naye akawaangalia tu. Mkewe alipolalamika alisema mbuzi hana mahali pa kukata rufaa.

Halafu aliugua. Alianguka asubuhi moja kwenye ngazi za ofisi, mkono wa kushoto ukining'inia, mdomo umepinda. Walisema kiharusi. Alilazwa hospitalini, na aliporudi tulimpokea kwa ndizi na kuku na nyimbo, maana alikuwa anatembea na kuongea, na mkono ulikuwa unarudi polepole. Mwanzoni alisahau kunyoa shavu la kushoto, na aliacha chakula cha upande mmoja kwenye sahani kama cha mgeni mwingine. Mkewe alimkumbusha, na hayo yakapungua. Akarudi barazani. Kila mtu alisema amepona.

Mimi pia nilisema hivyo. Naandika hili kwa sababu ni rahisi sasa kujifanya nilijua tangu mwanzo.

Cha kwanza kilikuwa salamu. Ulimwamkia ukipita upande wake wa kushoto, "Shikamoo, Mwenyekiti," naye alijibu "Marahaba" akitazama kulia, akimpa heshima yote mgomba au nguzo ya umeme. Mara nyingine, kama upande wa kulia palikuwa na mtu anaongea, hakujibu kabisa. Kwetu kutoitikia shikamoo si jambo dogo. Wamama walianza kusema kwamba tangu auguzwe na serikali amekuwa na maringo.

Kisha barabara. Pikipiki ilikuja kutoka kushoto ikipiga honi, naye akageuka kulia, akaitazama barabara tupu kwa makini, kisha akavuka. Dereva alikwepa hadi kwenye mtaro. "Mzee, umeziba masikio?" alifoka. Hakuwa ameziba. Mkewe alikuwa amenong'ona kutoka jikoni jana yake kwamba sukari imekwisha, naye akamjibu kutoka uani.

Halafu kesi ya mbuzi. Mama mmoja mjane alimshtaki jirani aliyemkata mbuzi wake mguu kwa panga kwa kuingia kwenye mahindi. Yule mjane akakaa dirishani, mwanamume akakaa ukutani. Mwenyekiti akafumba macho. "Haya, gombaneni." Yule mama aligombana vizuri sana, nilikuwa mlangoni, nilimsikia kila neno, alieleza hadi rangi ya panga. Mwanamume naye hakukaa kimya hata kidogo. Walipochoka, Mwenyekiti alimrudishia mwanamume maneno yake yote. Kisha akasema, kwa upole, "Na wewe mama, mbona umenyamaza?"

Wajumbe waliacha kutazama dari.

"Nimenyamaza?" alisema yule mama.

"Si kosa. Mtu akiona hana la kusema, kunyamaza ni haki yake." Akamshauri akubali yaishe.

Nje, watu walisema amekula rushwa. "Ale nini?" mwingine akauliza. "Mbuzi wa miguu mitatu?" Walicheka. Yule mama hakucheka. Alipita katikati yao akishika upindo wa kanga yake, akaondoka.

Kilichofuata ni kitu ambacho nadhani kingetokea kwetu tu. Watu wa hapa si wajinga, waliona kwamba tangu Mwenyekiti arudi, kila anayeshtaki anashindwa. Hawakujua sababu, lakini hawakuhitaji kuijua. Wakaacha kushtaki, wakaanza kungoja washtakiwe. Niliwasikia ndugu wawili wakibishana nje ya ofisi kuhusu ng'ombe wa urithi:

"Si useme umeonewa? Ingia ukanishtaki!"

"Mimi? Wewe ndiye mwenye uchungu, kaka. Nenda wewe ukanishtaki."

"Hapana, hapana. Heshima kwanza, wewe ni mdogo, anza."

Walirudi nyumbani bila kuingia. Nilicheka nao, na usiku ule sikulala, kwa sababu ilinijia kwamba wanaoshtaki wote hukaa benchi la dirishani, na benchi la dirishani liko kushoto.

Siku chache baadaye nilimsindikiza mkewe hospitalini kuchukua dawa za presha za mzee. Daktari kijana wa zamu alikuwa mpole, nikamuuliza kama anayeuliza jambo la kawaida tu, mkewe akiwa bado kwenye foleni ya dawa.

"Masikio yake ni mazima, tulimpima," alisema. "Sauti inaingia vizuri. Tatizo liko ndani. Upande wa kulia wa ubongo ndio ulioumia, na huo ndio uliokuwa ukimchungia upande wa kushoto. Sauti ya kushoto ikija peke yake anaweza kuipata, ila atakosea inatoka wapi. Zikija mbili pamoja, moja kila upande, ya kulia inaifuta ya kushoto."

"Na yeye anajua?"

"Kwa kawaida hawajui. Mtu akikosa kitu anaona pengo. Huyu haoni pengo. Kwake dunia imetimia."

Nilirudi na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa. Nilimfikiria Mwenyekiti kama mtu aliyefungiwa kwenye nusu ya nyumba yake, anayetembea vyumba vile vile akiamini ndiyo nyumba yote, huku upande wa pili watu wanagonga mlango. Kisha nikajilaumu kwa kufikiri hivyo. Labda nilikuwa najitungia. Nilisomea maendeleo ya jamii, si udaktari. Labda yule mama wa mbuzi aliongea kwa sauti ndogo kuliko ninavyokumbuka. Nilimrudisha kichwani akigombana tena na tena, na kila mara alikuwa na sauti ya kutosha.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi leo, lakini Baba Devota, akiutegemea urafiki wa bao, alimshtaki mama yangu.

Kati ya shamba letu na lake kuna kipande cha migomba na kahawa kinachoshuka hadi bondeni. Baba Devota alisema marehemu baba yangu alikiazima kwake ili apande maharage msimu mmoja. Mama alisema baba alipewa, mkono kwa mkono, wala hakuna aliyesema neno la kuazima hadi baba alipokufa. Sijui nani alikuwa na haki. Nilikuwa mdogo. Ningejua, nisingeteseka vile. Nilichojua ni kwamba Mama ameshtakiwa, kwa hiyo atakaa ukutani, na Baba Devota ameshtaki, kwa hiyo atakaa dirishani.

Mama ndiye aliyeogopa kesi ile kuliko wote. "Watamaliza shamba langu kwenye bao," alisema. Siku ya kikao cha kwanza alivaa kitenge kipya kana kwamba anakwenda kuzika.

"Gombaneni," alisema Mwenyekiti.

Mama aliongea. Baba Devota aliongea pia, kwa pamoja naye, kwa utulivu, akitaja mwaka wa mvua kubwa, akitaja jembe alilomwazima baba pamoja na shamba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma, nimeshika komeo. Walipomaliza Mwenyekiti alimrudishia Mama hotuba yake bila kukosea. Kisha akageuza uso mbele.

"Baba Devota, rafiki yangu. Umekuja kushtaki halafu umekaa kimya?"

"Mimi nirikuwa naongea, Mzee," alisema Baba Devota. "Tangu mwanzo nirikuwa naongea." Lakini Mama alikuwa bado anamnong'oneza Mungu shukrani upande wa ukutani, na sauti yake ndogo ikaifuta ile ya rafiki.

Mwenyekiti alisubiri. "Basi," alisema, "nakupa hadi Alhamisi ujipange. Ukinyamaza tena, itabidi tukubali kwamba huna neno."

Baba Devota hakupiga kelele. Alipopita pale mlangoni alinitazama mimi, si kwa hasira. "Nirizaliwa hapa, binti," alisema. "Nimecheza naye bao miaka yote. Kumbe hata yeye ni kama wengine." Jumapili ile bao lilibaki limefunikwa kwa gunia.

Nilimwambia Mama jioni, tukimenya ndizi. Nilieleza kama daktari alivyoeleza, upande wa kulia, upande wa kushoto, sauti mbili.

"Wewe umesomea udaktari?"

"Hapana, Mama."

"Basi." Aliendelea kumenya. Baada ya muda akasema, "Migomba ile ndiyo iliyokupeleka Mwanza. Unakula, unalala, unatoka chuo na cheti, halafu unarudi kuchimba chini ya miguu yangu?"

"Sichimbi, Mama. Nasema tu hasikii."

"Kama hasikii, Mungu ndiye aliyemfanya asisikie. Mimi sikumwomba akae benchi lile."

Kisu chake kilikuwa kikienda haraka, kikikata hadi nyama ya ndizi. Aliogopa kama mimi. Nikitazama upande wowote kulikuwa na mtu wa kuumizwa na mdomo wangu, na nikikaa kimya kulikuwa na mtu wa kuumizwa na ukimya wangu. Ofisini hapakuwa na wa kumwambia. Wajumbe walizoea kumwachia yeye kila kitu, na Mtendaji wa kata angemwondoa kabla ya chai, tena kwa dharau. Nilitafakari hadi nikaanza kuchukia mabenchi yenyewe, mbao zake, misumari yake.

Siku mbili kabla ya Alhamisi nilikwenda kwake mchana. Mkewe alikuwa shambani. Mwenyekiti alikuwa kibarazani amevaa koti, redio inaongea kwenye kiti upande wake wa kushoto. Nilimwamkia, akaniitikia akitazama zizi. Nilizunguka nikakaa mbele yake.

"Msomi wetu! Karibu. Ipunguze hiyo redio," akasema, na mkono wake ukaipapasa hewa upande wa kulia.

Nilikuwa na makopo mawili niliyoyatia punje za mahindi. Nilikuwa nimeyabeba kwenye mkoba njia nzima nikihisi yananisema. Nilizima redio, nikasimama mbele yake, nikanyoosha mikono, kopo moja karibu na kila sikio lake.

"Mzee, naomba ufumbe macho. Uniambie sauti inatoka wapi."

"Ni mchezo wa chuo huu?" Alicheka, akafumba.

Nilitikisa la kulia. Akaonyesha kulia. Nilitikisa la kushoto. Alitulia kidogo, kisha akaonyesha kulia tena, karibu na pua yake. Nikatikisa yote mawili pamoja, kwa nguvu.

"Kulia," alisema.

"Endelea kusikiliza. Mangapi?"

"Moja. Kulia. Unanichezea, binti?"

"Fumbua macho, Mzee."

Alifumbua huku bado natikisa yote mawili. Aliutazama mkono wangu wa huku, akautazama wa huku. Akafumba. Akafumbua. Akafumba tena, akainamisha kichwa kama alivyofanya Kabanga, na nikaona anajitahidi, mishipa ya shingo imesimama, anautafuta upande ambao kwake haupo. Mikono yangu ilichoka. Aliponiambia niache, sauti yake ilikuwa imepungua.

Alitoa karanga, au maganda, akayashika tu.

"Yule mama wa mbuzi," alisema. "Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea, Mzee."

"Na Baba Devota?"

"Tangu mwanzo."

Kuku walipita kibarazani na hakuwafukuza. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, nikakiandaa kichwani mara tatu, kila mara kikawa kibaya zaidi.

"Alhamisi mama yako anakaa wapi?"

"Ukutani. Kulia kwako."

Alinitazama kwa muda mrefu, yeye ambaye kazini hakutaka kutazama watu. "Basi ungenyamaza," alisema. "Kwa nini hukunyamaza?"

Niliyarudisha makopo kwenye mkoba.

"Sikiliza, mwanangu. Niache nimalize hii moja. Baada ya Alhamisi nitasema nimechoka, nitaondoka kwa heshima, watanipa hata blanketi na soda. Ukisema sasa, kila niliyemsuluhisha tangu nitoke hospitali atarudi kunidai haki yake. Watasema miezi yote tulisikilizwa na nusu mtu." Aliyarudisha maganda mfukoni. "Mama yako atabaki na migomba yake. Ni nani ataumia?"

"Baba Devota je?"

Aligeuza uso kutazama zizi. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilikaribia kukubali. Nakumbuka nilifungua mdomo kukubali. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba huruma inaweza kutoa shamba la mtu mwingine, na sasa alikuwa amekaa mbele yangu, macho yamelowa, akiniomba kwa macho.

"Nenda nyumbani," alisema. "Nenda ukafikiri."

Kama kuna jambo ninalolijua, ni kufikiri. Nilifikiri Jumanne iliyobaki na Jumatano yote. Nilipanga nitamwambia Mtendaji, nikapangua. Nilipanga nitajifanya mgonjwa. Nilipanga nitahamisha mabenchi kimyakimya, wote wawili upande wa kulia, bila kumwambia mtu sababu. Mpango huo ulinipendeza kwa saa kadhaa, hadi nilipomkumbuka mama wa mbuzi. Kwake yeye kuhamisha benchi leo kusingerudisha kitu.

Alhamisi nilifika mapema nikafagia. Watu walijaa kuliko kawaida. Mama alikuwa ameshaketi ukutani, mkoba mapajani. Baba Devota aliingia, akaamkia wazee, akaelekea dirishani kama anayekwenda kunyongwa. Mwenyekiti aliingia mwisho, amechelewa kama kawaida yake. Alivua kofia. Hakunitazama.

Nilitoka mlangoni, nikamwomba Baba Devota asimame. Nikaliinua benchi la dirishani. Lilikuwa zito kuliko siku zote. Nikalitoa nje kabisa, nikaliacha kwenye nyasi, nikarudi. Lilibaki benchi moja la watu wawili, lile la ukutani, na Mama akiwa amekaa katikati yake.

"Unafanya nini?" Mama aliuliza.

"Naomba usogee, Mama."

"Wewe mtoto umerogwa?"

Watu wakacheka. Niligeukia meza. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mwenyekiti hasikii upande wa kushoto watu wawili wakiongea pamoja. Si masikio, ni ule ugonjwa. Waliokaa dirishani tangu arudi hawakunyamaza. Waliongea."

Hakuna aliyecheka tena. Mjumbe mmoja alisema, "Haki ya Mungu," polepole. Mwenyekiti alikuwa amekaa mikono juu ya meza, mmoja wenye nguvu, mmoja usio na nguvu sana. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Ni kweli," alisema.

Alisubiri minong'ono iishe.

"Yule mama wa mbuzi aitwe. Na wengine waliokaa pale. Wakitaka mwenyekiti mwingine wapewe, wakinitaka mimi nitawasikiliza upya, mmoja mmoja." Kisha akamgeukia mama yangu. "Mama, msogelee. Hana ukoma."

Mama alinitazama kwa jicho ambalo bado sijalipatia jina. Kisha akauinua mkoba, akavuta kitenge chake, akasogea. Baba Devota akaketi pembeni yake, magoti yao yakagusana.

"Baba Devota," alisema Mwenyekiti, "sema wewe peke yako."

Macho yake yalikuwa wazi.